Siku kumi sijaenda kwa rafiki yangu mwenye kansa ya titi

Swali: Habari ya kazi, Sista. Nauza mivumba, yaani mitumba, katika soko la Busia, upande wetu wa Uganda. Mwenzangu tuliyekaa meza kwa meza miaka tisa alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto tangu mwaka jana. Alikatwa kinyama cha kupimwa huko Mbale, majibu yametoka kuwa ni kansa. Ana miaka 41 na watoto wanne. Ameandikiwa barua ya kwenda hospitali ya Mulago, Kampala. Ameniambia mimi peke yangu. Mume wake ni dereva wa lori, yuko safari ya Juba, hajui. Leo ni siku ya kumi sijaenda kwake. Naogopa nitalia au nitasema neno baya. Niliuliza mama mmoja sokoni bila kutaja jina, akasema kansa ikiguswa na kisu inaamka, bora majani ya mzee mmoja wa upande wa Tororo. Nimwambie nini mwenzangu? Nimfanyie nini? Na mume aambiwe na nani?

Jibu: Dada yangu, nianze na hizo siku kumi, maana nadhani ndizo zinazokuuma kuliko yote uliyoandika. Mwenzio amezihesabu pia. Mtu aliyetoa siri kwa mmoja tu husikia kila hodi akidhani ni yule. Kwa hiyo nenda, na usiende na visingizio vya mzigo wa Kampala au mtoto kuharisha. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: "Niliogopa. Sikujua niseme nini, ndiyo maana sikuja. Bado sijui, lakini nimekuja." Ukilia, lia. Wanawake wawili wakilia jikoni hawajaharibu kitu. Ubaya ni kulia mpaka yeye aanze kukubembeleza wewe. Ukiona mmefika huko, toka nje ukanawe uso, kisha urudi.

Lugha yetu ni tamu, lakini kwa mgonjwa ina mtego. Ukisema "pole", adabu inamtaka ajibu "nimeshapoa", hata kama moto ndio kwanza unawaka. Ukisema "hujambo", inabidi awe hajambo. Kabla hamjakaa chini ameshatamka mara mbili kwamba yu mzima, na mlango umefungwa. Sikwambii uache kusalimia, utaonekana umechanganyikiwa. Salimia, maliza, kaa, nyamaza kidogo. Kisha uliza swali ambalo adabu haijalitengenezea jibu: "Usiku unalala?" Au, "Saa gani ndiyo mbaya zaidi?" Wengi niliowauliza hunitajia saa tisa ya usiku. Atakachosema baada ya hapo kipokee, usikifunike. Vifuniko vyetu navijua vyote: usijali, Mungu ni mwema, shangazi ya jirani yangu alipona, kuna wenye mabaya zaidi, jikaze. Kila kimoja husemwa kwa upendo, na kila kimoja kinamwambia mgonjwa anyamaze.

Hili nililijifunza kwa aibu. Nikiwa muuguzi mpya kabisa wodini, mama mmoja aliniuliza akitazama dirishani, "Sista, nani atamsuka binti yangu shule ikifunguliwa?" Nikamjibu haraka, "Usiseme hivyo mama, utamsuka mwenyewe." Alinitazama, akageukia ukuta. Wiki tatu zilizobaki alizungumza nami habari za maji ya kuoga na dripu, basi. Leo ningemuuliza tu binti anapenda msuko gani.

Sasa, la kumfanyia. Kuna sentensi moja nakuomba uiache nyumbani: "Ukihitaji chochote uniambie." Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, hupikiwa akaletewa. Kumwambia mtu aseme anachohitaji ni kumpa kazi. Itabidi ajue anataka nini, achague wa kumwomba, ameze aibu, atafute salio, apige. Hapigi. Badala yake shika jambo moja lenye siku yake. Wewe una jambo ambalo hakuna ndugu yake anayeweza kulifanya: meza. Ikifungwa wiki tatu wateja wanahamia kwingine na ushuru wa soko hausubiri. Mwambie, "Siku utakazokuwa Kampala nitafungua meza yako na yangu, jioni nakutumia hesabu kwa simu." Mkubaliane bei ya chini kabisa ya kila aina ya nguo, na uandike kila shilingi kwenye karatasi yake, tofauti na ya kwako. Pesa ya mgonjwa ikichanganyika na ya rafiki, nimeona urafiki wa miaka ishirini ukivunjika kwa marobota mawili ya nguo za watoto. Na kama mko chama kimoja cha akiba, muulize kama anakubali uombe zamu yake ya kupokea isogezwe mbele. Hapo atapata pesa yake mwenyewe bila kukopa na bila kuchangiwa, na heshima yake inabaki.

Safari ya Mulago ndiyo jambo la pili, na hapa usimwache aende peke yake mara ya kwanza. Toka Busia ni karibu kilomita 200, na siku ya kwanza ni ya foleni, kufungua faili, vipimo vingine juu ya vile vya Mbale. Mtaondoka usiku, mtarudi usiku, au mtalala huko. Beba ile karatasi ya patholojia ya Mbale, yaani majibu ya kinyama, yenyewe, siyo habari yake. Ipige na picha kwa simu yako na yake. Nimeona watu wakirudishwa nyuma wiki mbili kwa sababu karatasi ilibaki kabatini.

Nunua daftari. Nasema daftari kwa makusudi, siyo kumbukumbu. Mtu akisikia neno kansa masikio yake huziba, na daktari anayehudumia watu wengi hivyo husema haraka, mara nyingi kwa Kiingereza au Kiganda. Kama mwenzio anasikia vizuri Kisamia na Kiswahili, wewe ndiwe masikio na ulimi wake. Andikeni maswali usiku kabla ya safari. Ni kansa ya aina gani, iko hatua ya ngapi? (Hatua ni nne, ya nne ndiyo iliyoenea mbali.) Vipimo vya vipokezi vimefanyika, yaani ER na PR, ambavyo ni vya homoni, na HER2? (Herufi hizo zinaamua dawa zipi zitamfaa, kwa hiyo zisipokuwepo kwenye karatasi, ulizeni.) Kipi kinaanza, kemo (dawa kali za kuua kansa) au upasuaji, na kwa nini? Lengo ni kuponya kabisa au kuizuia? Swali hili la mwisho asipolitaka, usimuulizie. Muulize yeye kwanza, mkiwa njiani, ni mambo gani anataka kuyajua na yapi hataki kuyasikia leo. Na ukitafsiri, tafsiri. Usipunguze chumvi ukidhani unamhurumia. Daktari akisema "hatua ya tatu" usimwambie "amesema si mbaya sana", maana siku akiijua kweli kutoka kwingine hatakuamini tena, na wewe ndiwe uliyebaki.

Dawa nyingi za kemo pale Mulago hutolewa bila malipo, kwa kuwa Taasisi ya Saratani iliyopo hapo ni ya serikali. Pesa inakwenda kwenye nauli, chakula, malazi, na vipimo au dawa ambazo siku hiyo hazikupatikana. Piga hesabu ya safari nyingi tangu mwanzo, siyo moja. Wasomaji wa magharibi na kaskazini waulize kwanza huduma za saratani za Mbarara na Gulu kabla ya kupanda basi la Kampala.

Haya, kisu na majani.

Mama wa sokoni hajatunga. Amewaona watu waliopasuliwa wakafa, na aliyoyaona ni kweli. Lakini wengi wa wagonjwa wetu wa kansa ya titi hapa Uganda hufika hospitali ikiwa imeshakuwa hatua ya tatu au ya nne. Mtu anapasuliwa mwezi wa tano, mwezi wa nane kansa inaonekana kwenye mapafu, na kijiji kinahesabu kuanzia kisu. Ilikuwa njiani kabla ya kisu. Kinyama alichokatwa Mbale hakikuamsha kitu. Bila hicho hakuna daktari anayejua atibu nini. Nikwambie jambo ambalo hata Kampala wengi hawalijui: Taasisi ya Saratani ilianza pale Mulago mwaka 1967, na tangu miaka hiyo watoto waliokuja na uvimbe mkubwa wa taya, ule unaoitwa kwa jina la daktari Burkitt aliyeueleza mwaka 1958 akiwa papo hapo Mulago, walitibiwa kwa dawa na wengine wakapona kabisa. Wodi hizo ni miongoni mwa zilizoifundisha dunia kwamba kuna kansa zinazoweza kupona kwa dawa. Anayesema kansa ya Muafrika haisikii dawa ya hospitali amechelewa miaka mingi.

Ila mwenzio akiyataka majani ya mzee wa Tororo, usibishane naye. Mtu akibishiwa hujificha, na kinachoua ni kunywa majani kwa siri katikati ya kemo. Ini ndilo linalosafisha dawa nyingi za kemo na ndilo linaloumizwa na baadhi ya mitishamba. Vikikutana viwili, damu inaharibika na daktari anatafuta sababu asiione. Mwambie hivi: "Chochote utakachokunywa, mululuza, majani ya mstafeli, chochote, tukiandike kwenye daftari na tumuonyeshe daktari." Kuhusu maombi sina neno, mimi mwenyewe naomba. Mchungaji anayemwekea mikono na kumwambia aendelee na matibabu ni msaada. Yule anayemwambia arudishe dawa ili imani ionekane, huyo ndiye wa kumsindikiza mlangoni, kwa upole, na mapema. Miezi mitatu ya kungoja kwa kansa ya titi si kitu kidogo.

Mume aambiwe na mwenye mwili. Siyo wewe, hata kama unaona anachelewa. Najua utaambiwa mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mwenzio hajaficha, amekwambia wewe. Anatafuta njia ya kumfikia wa pili. Msaidie kutafuta sentensi. Kaeni mjaribu kuisema, wewe ukiwa mume. Mtacheka, na kicheko hicho kina kazi yake. Asimpigie akiwa kwenye usukani wa barabara ya Juba. Angoje afike nyumbani, alale, ale. Unaweza kuwa chumba cha pili na watoto. Maswali ya wanaume wengi huwa mawili: inaambukiza? Haiambukizi, si kwa kikombe, si kwa kitanda kimoja. Titi litakatwa? Pengine lote, pengine sehemu, daktari atasema. Jibuni kwa kifupi. Wapo wanaokimbia, siwezi kukuficha. Wapo pia wasiokimbia. Nilimwona dereva wa boda boda akijifunza kusuka kwa video za simu, mkewe akiwa kwenye dripu.

Kemo ikianza, daftari lenu liwe kalenda. Ratiba nyingi ni dozi moja kila siku 21, na ukizijua hizo siku 21 utajua lini uwe wapi. Siku mbili tatu za kwanza ni za kichefuchefu na uchovu. Dawa za kuzuia kutapika anywe kwa saa alizoandikiwa, asingoje kwanza kutapika. Kama mojawapo ya dawa zake ni nyekundu, mkojo nao utakuwa na rangi hiyo siku ya kwanza au ya pili. Mwambie mapema asidhani ni damu. Siku hizo mbili choo kimwagiwe maji ya kutosha na anayefua nguo zilizotapikiwa avae glavu. Mkirudi siku hiyo hiyo kwa taksi, kaeni dirishani, beba kavera (mfuko wa plastiki), na mkifika Namawojjolo, pale magari yanaposimama njiani, funga kioo kabla ya wale vijana wa kuku wa kuchoma na gonja (ndizi za kuchoma) hawajafika. Nawapenda kuku wa Namawojjolo, lakini harufu ile kwa mtu wa kemo ni mtihani.

Kuanzia karibu siku ya saba hadi ya kumi na nne chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zinashuka, na hapa ndipo nataka unisikilize kuliko pote. Mwili ukipata joto la nyuzi 38 au zaidi, ni hospitali, siku ile ile, hata kama ni usiku. Sisi tumezoea: mwili moto, malaria, unakwenda duka la dawa, unanunua vidonge na panadol, unajifunika. Kwa mtu wa kemo panadol inaficha moto wakati maambukizi yanasambaa kwenye damu, na mwili hauna askari. Inaweza kumuua kwa siku mbili mtu ambaye kansa yake ilikuwa inakubali dawa. Kipimajoto ni kitu kidogo cha duka la dawa. Mkifika hospitali ya karibu, neno la kwanza kabla ya jina liwe "yuko kwenye kemo", waonyeshe kadi yake, ombeni damu ipimwe. Wapime na malaria, sawa, lakini wasiishie hapo.

Nywele mara nyingi huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu baada ya dozi ya kwanza, kwa mafungu, juu ya mto. Wengine hupenda kunyoa kabla. Usinyoe zako kumuunga mkono mpaka umuulize; mmoja aliniambia alipomwona dada yake na kipara alijisikia ameambukiza. Mwenye meza ya mivumba hakosi vitambaa vizuri vya kichwa.

Chakula: hapa wahenga nawapinga, mgonjwa wa kemo aulizwe uji. Jana alitaka, leo hawezi kuuona. Kidogo kidogo, kilichopikwa kikaiva, maji mengi, matunda yaliyooshwa na kumenywa. Hakuna chakula cha kuponya kansa na hakuna haja ya kumnyima nyama wala sukari ya chai kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp.

Watu watajaa mwezi wa kwanza. Mwezi wa nne utakuta kiti kitupu, na huo ndio wakati wenyewe wa rafiki. Upasuaji ukipita kuna mionzi kwa wengine, na mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tatu hadi tano, kwa hiyo hawezi kwenda na kurudi Busia; mtafute mapema ndugu wa Kampala au malazi. Mtasikia kwamba mashine ya mionzi ya Mulago imekufa. Ilikufa kweli mwaka 2016, ndiyo ilikuwa pekee nchini, ikaumiza watu wengi. Mpya ilizinduliwa Januari 2018 na nyingine zimeongezwa. Kisha wale ambao vipokezi vyao vya homoni vipo hupewa kidonge cha kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Hapo ndipo wengi huacha, kwa kuwa hawaumwi tena na hakuna anayeuliza. Wewe uulize, kila Ijumaa mkifunga soko. Titi likiwa limeondolewa na kidonda kimepona, wapo wanaojishonea la kitambaa laini lililojazwa pamba. Mkono wenu wa cherehani unatosha.

Ukisikia maumivu hayalaliki, usiogope neno morfini, dawa kali ya maumivu. Nchi yetu ina morfini ya maji, ya kunywa. Hospice Africa Uganda aliyoianzisha Dokta Anne Merriman mwaka 1993 ndiyo iliyoizoesha hapa, na tangu 2004 wauguzi waliosomea wanaruhusiwa kisheria kuiandika. Kupelekwa kwa watu wa hospisi hakumaanishi amekatiwa tamaa. Wanatibu maumivu, hata ya mtu atakayepona. Na mkiwa Kampala ulizeni kundi la UWOCASO, la wanawake waliopitia kansa hii. Kuna maswali atamuuliza mwanamke mwenye kovu ambayo hatakuuliza wewe wala mimi, kama la kuvua nguo mbele ya mume.

Jumapili hii nenda. Mpigie kwanza, usimvamie. Peleka daftari, kalamu mbili kwa sababu moja hupotea siku ya kwanza, na kipimajoto. Matunda atapelekewa na wengine.